Nimeshiba ya Bi Mwanatatu

Likizo ya Agosti ilipofika, Nyamvula alipata kazi ambayo hakuwa radhi kumwachia mtu mwingine: kubeba mkoba wa mama yake. Kila asubuhi, chai ikishanywewa na mlango ukishatiwa kufuli, wawili hao walitoka nyumbani kwao Mtopanga, wakakata vichochoro, mama mbele na sare yake iliyopigwa pasi, binti nyuma na mkoba begani. Ndani mlikuwa na ndara za kazini, chupa ya maji na mahamri ya saa nne. Mkoba ulikuwa mzito kweli, lakini ungemwambia Nyamvula autue, angekununia mpaka jioni.

Mama yake, Gladys, alikuwa muuguzi katika Nyumba ya Tulizo, makao ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza nyumbani. Baba alikuwa dereva wa lori la makontena. Leo yuko Changamwe, kesho yuko njia ya Malaba. Kwa hiyo, badala ya kushinda peke yake, Nyamvula alishinda Tulizo na mama. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko Gredi ya Sita, na moyoni mwake alijihesabu kuwa muuguzi tayari, bado sare tu.

Wakifika, walianza kwa kupita kitanda kwa kitanda. "Shikamoo, babu. Shikamoo, bibi." Mama hakuanza kazi yoyote kabla ya salamu. Alisema mzee asiyeamkiwa huumwa mara mbili.

Kitanda cha mwisho, kando ya dirisha, kilikuwa cha Bi Mwanatatu. Huyu alikuwa mwanamke wa Kimvita, wa familia za zamani za mjini. Miguu yake haikumbeba tena na ugonjwa wa sukari ulikuwa naye kwa miaka mingi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima, tena mkali. Alimpenda Nyamvula sana.

"Ndoo hapa, mjukuu wangu," angemwita asubuhi, maana kwao "njoo" ni "ndoo". "Hebu niambie, jana mlipika nini kwenu?"

"Abee, bibi. Tulipika sima na mchicha wa nazi."

"Ala! Na mimi huniletei?"

Adhuhuri ndipo kazi kubwa ilipokuja. Mama alimdunga Bi Mwanatatu sindano ya sukari, na chakula kikafuata papo hapo. Nyamvula aliijua sababu kama anavyolijua jina lake. Sindano ile huteremsha sukari mwilini. Mtu akishadungwa asipokula, sukari hushuka kupita kiasi. Hutetemeka, hutokwa na jasho, na asiposaidiwa upesi huweza kuzimia na hata kufa.

Sasa sikiliza taabu yenyewe. Sahani ikiletwa, Bi Mwanatatu aliisukuma kwa ncha za vidole na kusema kwa upole, "Ahsante, mwanangu, nimeshiba. Kuleni nyinyi." Ameshiba nini, naye hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi? Lakini ndivyo alivyolelewa. Kwao mtu wa heshima haonyeshi pupa ya chakula, na wala hali peke yake watu wakimtazama. Ukimwekea sahani ukasimama kando na kijiko, atashiba hivyo hivyo kwa njaa.

Kwa hiyo Nyamvula alileta birika na bakuli, akamnawisha bibi mikono, akanawa na yeye, akaketi ukingoni mwa kitanda na kumega tonge la kwanza. "Karibu, bibi, tule." Bi Mwanatatu angeguna, "Haya, maadamu mwanisumbua." Kisha angekula mpaka sahani ibaki nyeupe.

"Kula huku natazamwa?" alisema siku moja. "Kwani mimi sinema?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akampapasa Nyamvula kichwani. "Huyu binti ana mikono myepesi," alisema, "mikono ya muuguzi." Maneno hayo Nyamvula aliyaweka moyoni kama mtu anavyoweka nguo ya sikukuu.

Basi, mambo yakawa mazuri hivyo mpaka alipokuja Lynnette.

Lynnette alikuwa muuguzi kijana aliyetoka Kitale. Alikuwa amemaliza chuo juzijuzi tu, mrefu, mchangamfu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka jikoni. Pale Tulizo palikuwa na utaratibu wao wa kufundishana, ambao Matroni Florence, mkubwa wa wauguzi, aliuita kushikana mkono. Muuguzi mgeni alikabidhiwa kwa muuguzi mwenyeji, wakaenda pamoja kila mahali, mgeni akitazama, akijaribu, akiuliza. Mwisho wa mwezi Matroni aliamua kama mgeni ataajiriwa au atarudi kwao. Na kila Ijumaa wauguzi wote walifanya baraza ya chai. Kila mmoja alitaja jambo alilojifunza na kosa alilolifanya wiki ile, na kumcheka mwenzako kulikuwa marufuku.

Lynnette alikabidhiwa kwa mama yake Nyamvula.

Asubuhi ya kwanza tu, walipokutana langoni, Lynnette aliunyakua mkoba. "Lete nikubebee, Mama Nyamvula. Aki huyu mtoto ataumia mgongo." Mama akasema, "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Nyamvula alisimama langoni bega likiwa tupu. Hakujua mkono wake autie wapi.

Siku zilivyokwenda, ndivyo wivu ulivyozidi kumkaa. Saa nne, wakati mama alipozoea kula hamri pamoja naye huku akimsikiliza akisoma kitabu cha hadithi, sasa hamri la pili lilikuwa la Lynnette, na hadithi ilikuwa ya vidonda vya mgongo na namna ya kuvizuia. Nyamvula alisoma kwa sauti kubwa zaidi. Mama akasema, "Soma kimoyomoyo kidogo, mwanangu, tunazungumza." Alifunga kitabu kwa kishindo, na hakuna aliyegeuka.

Mama alimwambia amwite dada Lynnette. Nyamvula hakumwita dada, hakumwita sista, hakumwita kitu. Lynnette alimletea biskuti, akasema hapendi biskuti. Mwongo! Alizipenda kuliko kitu chochote, na mate yalimjaa mdomoni akimtazama Mzee Nyale wa kitanda cha pili akizichovya kwenye chai.

Makosa ya Lynnette ndiyo yaliyompa faraja. Siku ya kwanza alimsalimia Bi Mwanatatu, "Habari ya asubuhi, shosh!"

"Shoshi ndiyo nini?" bibi akauliza. "Na shikamoo waiuza?"

Nyamvula alicheka kwa nguvu, na mama akamkata jicho. Lakini Lynnette mwenyewe naye alicheka, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, nyanya. Nisamehe, mimi wa bara, kwetu nyanya ni shosh." Bibi akaitikia marahaba. Hata hilo lilimuudhi Nyamvula. Kwa nini hakasiriki, akafungasha virago, akaenda zake?

Lililomuuma zaidi ni siku Lynnette alipomwonyesha mama namna ya kumgeuza Mzee Nyale kitandani kwa kuvuta shuka iliyokunjwa, badala ya kumwinua kwa nguvu za mgongo. Mama alijaribu, mzee akageuka bila taabu.

"Lo! Miaka yote hii navunja kiuno bure!" mama alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lynnette, wewe una mikono myepesi."

Mikono myepesi! Maneno yake yale yale, yamekwenda kwa mwingine! Nyamvula alitoka nje, akakaa kwenye kibaraza cha jikoni na kulia. Alimchukia Lynnette, na aliona raha kumchukia. Alimwomba Mungu, mwisho wa mwezi Matroni aseme huyu hafai, arudi kwao Kitale.

Alhamisi moja, adhuhuri ikikaribia, Mzee Nyale alibanwa na kifua. Gari likaitwa, na mama akatakiwa kumsindikiza hospitalini. Alikuwa mbiombio, kiatu kimoja ndani, kimoja nje.

"Lynnette, Bi Mwanatatu ni wako leo. Sindano umeshaijua, na chakula kifuate hapo hapo. Jambo lolote nipigie simu. Nyamvula, msaidie mwenzako." Gari likaondoka.

Lynnette alipima dawa kwa makini, akadunga sindano vizuri kabisa. Kisha akaleta sahani: wali, samaki wa kupaka na mchicha. Akaketi kitini, akachukua kijiko. Bi Mwanatatu alikubali kijiko cha kwanza kwa aibu, na cha pili kwa taabu. Halafu akasukuma sahani kwa ncha za vidole.

"Ahsante, mwanangu, nimeshiba. Kuleni nyinyi."

"Kidogo tu, nyanya."

"Nimeshiba, alhamdulillahi."

Lynnette alitazama sahani iliyojaa, akamtazama bibi, kisha akageuka mlangoni alikokuwa amesimama Nyamvula. "Nyamvula, nyanya hukula kiasi gani? Nisimwache na njaa, ameshadungwa."

Birika lilikuwa pale pale rafuni, na bakuli chini yake. Ilikuwa kuinua mkono tu na kusema neno moja. Lakini hayo ndiyo yalikuwa yamebaki kuwa yake peke yake. Mkoba umekwenda, hamri limekwenda, mikono myepesi imekwenda. Na hili pia alitoe?

"Ni hivyo hivyo," alisema. "Akisema ameshiba, mama humwacha. Ukimlazimisha atakasirika."

"Kweli?"

"Kwani mimi simjui?"

Lynnette aliitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Akabeba sahani na kwenda nayo jikoni.

Nyamvula alikwenda kibarazani na kitabu chake. Alisoma ukurasa mmoja, akafika mwisho bila kujua alichosoma. Akaurudia. Alijiambia kwamba Bi Mwanatatu atalalamika tu kwa mama jioni, basi, na mama atajua nani anajua kazi na nani hajui. Mwishowe alikiacha kitabu, akaenda kuchungulia dirishani.

Bi Mwanatatu alikuwa ameinamia upande. Jasho lilimtiririka usoni na kanga ilikuwa imelowa shingoni. Mikono ilimtetemeka. Alimtazama Nyamvula akamwita kwa jina la dada yake yeye bibi, aliyekufa zamani.

"Bibi! Bibi, ni mimi!"

Bibi hakumtambua. Nyamvula alipiga ukelele ambao hakujua kama anao. "Dada Lynnette! Dada Lynnette, njoo! Sukari imeshuka! Bibi anakufa!"

Lynnette alikuja mbio. Hapo hakukuwa na kicheko wala maneno ya bure. Alimketisha bibi, akamtoboa kidole na kuipima damu kwa kile kifaa kidogo cha sukari. "Imeshuka sana. Nyamvula, glasi ya maji, sukari nyingi, haraka!" Nyamvula alikoroga huku nusu ikimwagika. Lynnette alihakikisha bibi anaweza kumeza, akamnywesha taratibu, funda baada ya funda, akimsemesha bila kunyamaza: "Meza, nyanya. Hivyo hivyo. Niko hapa." Kisha akampigia daktari simu, akafuata alivyoelekezwa, akapima tena.

Polepole mikono ikatulia. Bi Mwanatatu alipepesa macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mjukuu wangu, mbona walia?"

"Sasa lazima ale chakula," Lynnette alisema. "Maji ya sukari peke yake hayatoshi." Sahani ikaletwa.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema Bi Mwanatatu.

Lynnette alishika kichwa. Nyamvula hakuweza kuvumilia tena. Alichukua birika na bakuli, akamnawisha bibi ile mikono iliyolegea, akanawa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamega tonge. "Karibu, bibi, tule." Na bibi akala. Akala tonge baada ya tonge, mpaka mwisho.

Lynnette alisimama akitazama birika, akitazama bakuli. "Kumbe hivi ndivyo anavyokula," alisema polepole. "Ulikuwa unajua?"

Nyamvula aliitazama sahani tupu. Lynnette hakuuliza tena, wala hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemchapa kofi.

Matroni Florence alipofika na kuuliza nani aliyekuwa na mgonjwa, Lynnette alisimama wima. "Ni mimi, Matroni. Alisema ameshiba, nami nikaamini. Kosa ni langu." Nyamvula alikuwa nyuma ya mlango akingoja kulisikia jina lake. Halikutajwa.

"Mgonjwa amedungwa, hajala, na wewe umeondoa sahani?" Matroni alisema. "Kesho barazani tutajua kama unaifaa kazi hii."

Jioni ile mama alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, na Nyamvula akachambua mchicha. Mzee Nyale alikuwa ameshapata nafuu, lakini mama hakuwa na furaha. Alikuna kwa nguvu, kana kwamba nazi imemkosea.

"Huenda Lynnette akarudishwa kwao," alisema. "Amesoma kwa taabu yule, na mama yake anamtegemea yeye. Labda nilimwachia mgonjwa mapema mno. Ingekuwa wewe, mwanangu, ungemlisha bibi yako vizuri. Wewe una mikono myepesi."

Haya, si ndiyo aliyoyataka? Mama ni wake peke yake, mkono wa mama u kichwani pake, mikono myepesi imerudi. Nyamvula alitamani kuutikisa mkono ule umtoke. Alijiona mchafu.

Chakula kilipakuliwa. Alikitazama, akaisukuma sahani.

"Kula."

"Nimeshiba, mama."

Mama alimwangalia usoni. Amewalisha wazee wengi. Maneno hayo alikuwa anayajua nje na ndani. "Umeshiba kweli," aliuliza, "au ni nimeshiba ya Bi Mwanatatu?"

Hapo Nyamvula alilia kilio cha kwikwi. Alisema yote: swali la Lynnette, uongo wake, birika lililokuwa rafuni. "Ni mimi, mama. Si yeye. Ni kwa sababu unamwita mwanangu! Umempa mkoba, umempa hamri langu, umempa na mikono myepesi!"

Mama aliweka kijiko chini. Kwanza alikasirika, na hakuficha. "Bi Mwanatatu angekufa, Nyamvula. Unasikia? Angekufa, na wivu wako ndio ungekuwa umemuua." Kisha akamsogeza karibu. "Na mimi nilikuona umenuna, nikadhani ni utoto utapita. Ningekuuliza. Lakini maneno haya usiishie kuniambia mimi. Aliyebeba lawama yako ni Lynnette. Kesho utayasema mwenyewe mbele ya baraza."

"Mama, naona haya."

"Ona haya, lakini useme."

Asubuhi, Nyamvula alisimama mbele ya meza ya wauguzi. Vikombe vya chai ya tangawizi vilikuwa vikitoa moshi na hakuna aliyekinywa chake.

"Shikamooni," alisema. "Kosa la jana ni langu. Dada Lynnette aliniuliza bibi hula kiasi gani, nikamdanganya. Nilijua anavyolishwa. Nilimwonea wivu. Nilitaka mseme hafai." Akamgeukia Lynnette. "Dada, nisamehe."

Lynnette ndiye aliyesema kwanza. "Nimekusamehe. Lakini Matroni, mimi pia nina kosa, na leo ni siku yake. Nilijua mtu akidungwa lazima ale. Niliishika simu nimpigie Mama Nyamvula, nikaogopa ataniona sijui kitu. Nikaona afadhali niamini la mtoto kuliko niulize la mtu mzima."

"Ngojeni, na langu lipo," mama alisema. "Nilimfundisha sindano, kipimo, kila kitu cha vitabuni. Lile la birika na bakuli sikumfundisha. Ni mazoea yangu ya kila siku, hata sikuliona kuwa ni somo."

Matroni Florence aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. "Kosa moja, na wenyewe watatu," alisema. "Lynnette, ulipokosea hukumtupia mtu lawama, na mgonjwa alipozidiwa ulimwokoa. Utaendelea, na mwisho wa mwezi tutatazama. Lakini siku nyingine ukiwa na shaka, uliza. Hapa hafukuzwi mtu kwa kuuliza. Gladys, yale unayoyafanya bila kuyafikiri, anza kuyasema kwa kinywa. Na wewe, Nyamvula, kwanza utakwenda kumwomba bibi yako msamaha. Kisha utamfundisha Lynnette namna ya kumlisha mpaka aweze peke yake."

Kwenda kwa Bi Mwanatatu kulikuwa kugumu kuliko baraza. Nyamvula alipiga magoti kando ya kitanda akaeleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, midomo ameibana.

"Wivu ni kidonda, mjukuu wangu, ukiushiriki utakonda," alisema. "Na wallahi umenitia uchungu. Lakini ukikonda wewe, mimi nitakula na nani? Inuka, wakunja nguo."

Adhuhuri, mama alidunga sindano na Nyamvula akamshika Lynnette mkono. "Birika hivi, dada. Usimwagie maji mengi. Sasa nawa na wewe. Usikae kitini, kaa hapa kitandani. Mega kwanza wewe."

"Karibu, nyanya, tule," alisema Lynnette.

"Nimeshiba, mwanangu. Kuleni nyinyi."

"Hata mimi nimeshiba, nyanya. Lakini tutakula hivyo hivyo."

Bi Mwanatatu alimkazia macho, kisha akaangua kicheko. "Huyu wa bara keshakuwa mjanja! Haya, maadamu mwanisumbua, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu! Nyamvula alihisi kile kidonda kikimchoma tena, kidogo tu, pale pale pa siku zote. Akaisogeza sahani karibu na mkono wa Lynnette.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na aliona yote. Alimwita Nyamvula pembeni, akamshika mabega. "Sikiliza, mwanangu. Nikikupenda wewe na nikampenda Lynnette, penzi lako halikatwi nusu. Na ujuzi nao ni hivyo. Jambo ukilijua peke yako, mgonjwa hupona siku ulizopo tu. Jana sikuwapo, ukaona. Ukimfundisha mwenzako, mgonjwa atapona hata siku ambayo mimi na wewe tuko mbali. Shule zikifunguliwa wiki ijayo, nani atakula na bibi yako?"

Nyamvula aligeuka kutazama kitandani. Lynnette, ambaye bado alikuwa mgeni wa desturi, aliona sahani imebaki tonge chache, akadhani kazi imekwisha. Alinyanyuka nayo.

"We Lynnette!" Bi Mwanatatu alipaza sauti. "Rudisha sahani yangu hapa! Nani kakwambia nimeshiba?"